Feni ya Dashibodi Ikilia, Isikilize Kwanza



Baridi imeingia. Ndugu zetu wa Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya hawana haja ya kuambiwa na redio. Kuanzia Juni mpaka Agosti, dereva wa nyanda za juu akiingia ndani ya gari alfajiri, mkono wake hukimbilia swichi ya hita kabla haujashika gia. Huu ndio msimu ambao feni zilizokaa bila kazi tangu mwaka jana huanza kulalamika. Moja inapiga kriii ya kukata masikio. Nyingine inakwaruza, kwa-kwa-kwa-kwa, na ukiongeza spidi nayo inaongeza. Nyingine inavuma hadi dashibodi inatetemeka na sarafu zinarukaruka kwenye kisahani.

Mwenye gari akisikia hivyo, mara nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama anaizima feni na kuendelea na safari akiwa amejikunyata ndani ya koti, ama anakwenda gereji na kumwambia fundi, "Feni imekufa." Fundi naye, bila kuuliza zaidi, anamwagiza akatafute mota nyingine. Jioni hii napinga yote mawili, na ninayapinga kwa moyo wote, kwa sababu la kwanza linaweza kuua na la pili linatumalizia fedha pasipo sababu.

Nianze na lile la kuua. Chukua Noah yenye watu saba, asubuhi ya mvua, kati ya Mbeya na Tukuyu. Pumzi za watu saba zina maji mengi. Maji hayo yakikutana na kioo cha baridi yanageuka matone madogo sana, na baada ya dakika chache kioo cha mbele kimekuwa cheupe. Dereva anafuta kwa kiganja, anafuta kwa kitambaa, anafuta kwa mkono wa sweta, na kila akifuta anaacha michirizi ambayo taa za gari linalokuja mbele zinaigeuza kuwa ukuta wa mwanga. Kitambaa hakiwezi kushindana na pumzi za watu saba. Kinachosafisha kioo ni hewa kavu yenye joto. Ukifungua AC, hewa inapita kwanza kwenye kipoozeo, inaacha maji yake pale, na maji hayo yanadondoka chini ya gari. Kisha hewa hiyo iliyokauka inapita kwenye rejeta ndogo ya hita, inapata moto, na inapulizwa kiooni. Kwa hiyo AC na hita hufanya kazi pamoja, jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Wanadhani AC ni ya Dar es Salaam na hita ni ya Njombe. Vyote viwili vinategemea feni moja. Ukiizima kwa kuwa inakukera, umejifunga kitambaa usoni huku gari likiteremka mlima.

Sasa tuijue yenyewe. Katika mengi ya magari tunayoletewa kutoka Japani, ya usukani wa kulia, feni hii imekaa kushoto, nyuma ya droo ya dashibodi au chini yake kidogo, juu ya miguu ya abiria wa mbele. Ni mota ndogo ya umeme wa volti 12. Juu ya mhimili wake limevalishwa gurudumu la plastiki lenye mapezi membamba mengi kuzunguka ukingo wote, mfano wa kopo la maziwa lililochanwachanwa ubavuni. Hewa inaingilia juu, inatokea ubavuni. Na hewa hiyo ina milango miwili ya kuingilia: ama inatoka nje, kupitia yale matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala, ama inavutwa kutoka humo humo ndani ya gari. Kilango kimoja ndicho kinachochagua, na ndicho unachokigeuza ukibonyeza kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojikunja. Njia hiyo ikikaa kichwani mwako, umeshafika nusu ya safari ya kujua kelele inatoka wapi.

Kabla hujamwita mtu yeyote, fanya jaribio hili. Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, lakini usipige stata. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Injini imelala, kompresa imelala, mkanda haugeuki, pampu ya maji haigeuki. Sasa fungua feni, namba moja. Ukisikia ile kelele, mshtakiwa yumo dashibodini na hana pa kukimbilia. Usipoisikia hata ukifika namba nne, basi usiivunje dashibodi ya watu. Washa injini, bonyeza AC, na kama kelele inakuja pamoja na AC na kuondoka nayo, nenda ukafungue boneti, maana hapo unaitafuta kompresa au beringi ya puli yake. Jaribio hili linachukua dakika moja na halidai spana. Nashangaa ni wangapi tunaoliruka.

Feni ikithibitika kuwa ndiyo inayolia, iulize maswali zaidi. Panda spidi moja baada ya nyingine. Kelele inayoongeza mwendo kadiri feni inavyoongeza mwendo inatoka kwenye kitu kinachozunguka: gurudumu, mhimili, au kitu kinachogusana navyo. Kelele isiyojali spidi inatoka kwingine. Kisha badilisha hewa ya nje kuwa ya ndani, halafu irudishe. Kisha ielekeze usoni, miguuni, kiooni. Mwombe mwenzako akae kwenye swichi, wewe uiname upande wa abiria uweke kiganja chini ya kasha la feni. Kiganja kinasikia mambo ambayo sikio linayachanganya. Mtikisiko wa mota inayoyumba utauhisi mpaka kwenye mifupa ya vidole. Mafundi wa zamani hutumia bisibisi ndefu, ncha kwenye kasha, mpini kwenye mfupa wa sikio, na kwa njia hiyo wanapata sauti safi kabisa. Hapo chini ya dashibodi, injini ikiwa imezimwa, hilo ni salama. Kwenye injini inayonguruma, karibu na mikanda, silishauri kwa yeyote asiyeizoea kazi hiyo.

Ukisikia kelele inayokwaruza, ile ya kwa-kwa-kwa au ya karatasi inayopigwa na upepo, jua mgeni ameingia kwenye gurudumu. Tunaegesha magari chini ya miti kwa sababu tunapenda kivuli, na miti nayo ina yake. Mafinga na vitongoji vyake, karibu na msitu wa Sao Hill, zinashuka sindano za misonobari, nyembamba kiasi cha kupenya kila tundu. Arusha kuna maua ya jakaranda. Dodoma kuna majani ya mwarobaini. Vyote vinatua kwenye yale matundu ya chini ya waipa, na feni ikiwa imewekwa hewa ya nje inavivuta. Palitakiwa pawe na filta njiani ya kuvizuia. Lakini si machache kati ya magari ya mtumba ambayo yana nafasi ya filta, tena yenye mfuniko wake kabisa, ila filta yenyewe haimo. Au imo ya tangu Japani, nyeusi, imenyonyoka, na sasa vipande vyake vyenyewe ndivyo vinavyopiga kelele. Kwa hiyo fungua droo ya dashibodi, bana kingo zake mbili ziingie ndani, ishushe, uchomoe mfuniko wa filta, uangalie. Katika Toyota nyingi hiyo ni kazi ya mikono mitupu.

Nilisimama kwenye gereji moja pale Mafinga fundi akiitoa feni ya Noah iliyokuwa ikikwaruza vibaya. Mwenye gari alikuja akiwa ameshanunua mota ya mtumba. Alikuwa ameishika mkononi, imefungwa kwenye gazeti. Fundi alilala chali pale chini, akachomoa soketi ya waya mbili, akafungua skrubu tatu, feni nzima ikamshukia kiganjani. Gurudumu lilikuwa limejaa mpaka katikati: sindano za msonobari, pamba ya manjano iliyonyofolewa kwenye kitambaa cha chini ya boneti, punje za mahindi, na mavi ya panya. Ilikuwa nyumba ya mtu. Fundi alivaa glovu, akavuta barakoa, akanyunyizia maji ya jiki mpaka vyote vikalowa, akasubiri, ndipo akavitoa kwa karatasi na kuvitia kwenye mfuko. Alipomaliza aliiunga mota moja kwa moja kwenye betri. Iligeuka kimya kabisa. Hela ya ile mota ya mtumba ilikuwa imekwisha kwenda, na muuzaji hakuipokea tena.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye glovu na jiki, kwa kuwa nimewaona mafundi wakifanya kinyume. Wanachukua mpira wa upepo wa kujazia matairi na kupuliza ndani ya kasha, na vumbi la mavi ya panya linajaa gari zima, likiingia puani mwa fundi, mwa mwenye gari, na kesho mwa watoto. Panya si mgeni mwema. Mwaka 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, ugonjwa uliowatisha watu kwa kuwatoa damu puani ulithibitishwa kuwa ni homa ya mgunda, na bakteria wa homa hiyo hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Ndani ya gari, hewa ya feni inapulizwa usoni pako. Lowesha kwanza, toa baadaye, usipulize kamwe. Na usiku, kabla hujazima gari, bonyeza kile kitufe cha hewa ya ndani. Katika magari mengi kilango hubaki pale ulipokiacha, kwa hiyo umemfungia panya mlango mkubwa wa kuingilia kutoka nje. Kinga hiyo haigharimu chochote. Kitu kingine kinachowaita panya ni makombo ya mahindi na mikate ambayo watoto huyaacha chini ya viti. Hayo unayaweza mwenyewe kwa fagio.

Tuje kwenye ule mlio wa kriii. Huu ni wa namna nyingine kabisa, na una tabia yake: unakuja asubuhi ya baridi, feni ikiwa namba moja au mbili, unadumu dakika chache, halafu unanyamaza gari likipata joto. Wiki zinavyopita unakaa zaidi. Baadaye unausikia hata mchana, hasa ukikata kona, kwa sababu gari linapoinama, mhimili nao unaegemea upande. Ukikutana na mlio wenye tabia hiyo, jua ni bushi za mota. Mhimili wa nyingi kati ya mota hizi haukai kwenye beringi za gololi. Unakaa kwenye bushi za shaba zilizofinyangwa zikiwa na matundu madogo yasiyoonekana, zikalowekwa mafuta yatakayotoka kidogo kidogo maisha yao yote. Joto na vumbi la miaka vinayakausha mafuta hayo, na chuma kikavu kikisugua shaba kavu ndipo unapopata ule mlio.

Hapa mafundi wamegawanyika. Wapo wanaopuliza mafuta ya kopo na kukukabidhi gari likiwa kimya. Ukimya huo ni wa muda mfupi, maana mengi ya mafuta yale ya kupuliza ni mepesi mno, yanayeyusha hata ule unyevu wa mafuta uliokuwa umesalia, kisha yanakauka. Tone moja au mawili ya mafuta mazito kiasi, yakiwekwa kwenye shina la mhimili mota ikiwa imetolewa nje, yanaweza kukuvusha msimu wa baridi. Yasifike kwenye brashi za kaboni, kwa sababu mafuta yakichanganyika na unga wa kaboni yanakuwa tope linaloharibu mota yenyewe. Halafu ushike mhimili kwa vidole viwili na kuusukuma kushoto na kulia. Ukicheza, bushi zimelika, na hakuna mafuta yatakayorudisha shaba iliyokwisha. Hapo ndipo mota inastahili kubadilishwa, na utainunua ukijua kwa nini.

Kuhusu ile ya kuvuma na kutetemesha dashibodi, ni gurudumu lililopoteza uwiano. Wenye magari yanayotembea barabara za vumbi wanaijua sana. Vumbi linashika kwenye mapezi, unyevu unaligandisha, upande mmoja unakuwa mzito kuliko mwingine. Litoe gurudumu, lisugue pezi kwa pezi kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, lakini mota usiitie majini. Ukiona vijichuma vidogo vimebanwa kwenye mapezi mawili matatu, viache hapo hapo. Viliwekwa kiwandani kwa makusudi ili kusawazisha uzito. Kuna mafundi wenye bidii nyingi ambao huvitoa wakidhani ni uchafu, kisha wanashangaa kelele imezidi.

Tak-tak-tak-tak ya sekunde chache, inayokuja pale tu unapobadilisha joto au mwelekeo wa hewa, au unapowasha gari, haihusiani na feni hata kidogo. Ni mota ndogo inayogeuza vilango, ambayo meno ya gia yake ya plastiki yamevunjika. Inasukuma, inateleza, inarudia. Gari linakwenda vizuri tu, ila hewa inaweza kukataa kwenda unakoitaka, na ikikataa kwenda kiooni msimu huu, turudi kwenye yale niliyosema ya ukungu.

Maji nayo yana sauti mbili, na lazima zitofautishwe. Ya kwanza ni ya maji yanayochezacheza kwenye beseni ukikata kona au ukifunga breki. Mara nyingi hayo ni maji ya AC ambayo mpira wake wa kutolea nje umeziba kwa tope au majani, na utaona zulia la abiria limelowa maji safi yasiyo na harufu. Zibua mpira, umemaliza. Ya pili ni ya kububujika nyuma ya dashibodi ukipiga stata asubuhi au ukikanyaga mafuta. Hiyo ni hewa ndani ya rejeta ndogo ya hita, kwa maana maji ya rejeta yamepungua. Usiipuuze. Jiulize yamekwenda wapi. Kama kioo kinashika utando wa mafuta na ndani ya gari kuna harufu tamu tamu, rejeta ya hita inavuja. Kama yanapungua bila kuonekana yanakovujia, mwambie fundi aikague gasketi ya silinda hedi kabla injini haijachemka barabarani.

Hapo ndipo penye desturi inayonisikitisha. Rejeta ya hita ikivuja, fundi anaiunga ile mipira yake miwili kule injini, maji hayafiki tena ndani, na kazi inahesabiwa imekwisha. Mwingine anaing'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Njombe iko mita zipatazo 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Kitulo iko juu zaidi, mahali ambapo majani huamka yakiwa na jalidi. Gari lisilo na thamostati linachelewa kupata joto, hita inapuliza baridi, dereva anapandisha feni mpaka namba nne akitafuta joto ambalo halipo, na feni iliyokuwa ichakae kwa miaka inachakaa kwa msimu. Gari likiuzwa kutoka Pwani kwenda nyanda za juu, mnunuzi aulize kuhusu vitu hivyo viwili kabla hajalipa.

Kuna jambo moja la umeme ambalo siwezi kulipita. Feni iliyobanwa na takataka au iliyokauka bushi inahitaji umeme mwingi zaidi ili igeuke. Umeme huo unapita kwenye rizista inayopunguza spidi, kwenye soketi, kwenye fyuzi. Ukiona spidi namba moja, mbili na tatu zimekufa na imebaki namba nne peke yake, rizista imeungua, kwa kuwa namba nne haipitii humo. Basi ukibadilisha rizista peke yake bila kuitazama feni, utabadilisha tena. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima feni na gari likaguliwe siku hiyo hiyo. Na ikiwa fyuzi inakatika, weka yenye ampea zile zile zilizoandikwa kwenye mfuniko wa kisanduku chake. Usiweke kubwa zaidi, na mtu asikuwekee waya mtupu mahali pa fyuzi. Waya ule hautakatika. Kitakachoungua ni ganda la nyaya nyuma ya dashibodi, na magari huteketea kwa njia hiyo. Nikiwa hapo kwenye nyaya: zenye soketi za njano ni za eabegi. Anayejifanyia kazi mwenyewe asiziguse.

Wenye magari ya aina ya hybrid kutoka Japani nao wana la kwao. Wakisikia feni inavuma, wakague kwanza inavumia wapi. Katika Prius na nyingi za namna hiyo kuna feni nyingine karibu na kiti cha nyuma, inayopooza betri kubwa. Ikijaa vumbi na manyoya inavuma vile vile, na kuipuuza kunaipika betri ambayo bei yake haifanani na ya mota ya hita.

Ikifika mahali pa kununua, nenda dukani na ile ya zamani mkononi, iwe Gerezani pale Kariakoo, iwe Kirinyaga Road kule Nairobi. Linganisha soketi, linganisha matundu ya skrubu, linganisha urefu wa gurudumu. Omba iunganishwe kwenye betri mbele yako na uisikilize, kisha uutikise mhimili. Tazama inazunguka upande upi, kwa sababu mota iliyotoka kwenye gari la usukani wa kushoto inaweza kuwa imetengenezwa kwa upande wa kinyume, na gurudumu likizunguka kinyume hewa inatoka kidogo huku kelele ikiwa nyingi. Madereva wa malori ya Tunduma, ninyi angalieni volti. Malori mengi makubwa yana umeme wa volti 24, na mota ya 12 mkiiwekea humo itaungua mkiitazama.

Sasa nimalizie na sisi wateja, kwa sababu lawama si ya mafundi peke yao. Tunakwenda gereji, fundi anainama nusu saa, anasikiliza, anafungua, anagundua ni jani la mwarobaini, na sisi tunasema, "Si umetoa jani tu? Kwani hilo nalo ni la kulipia?" Yule aliyemuuzia jirani yetu mota bila hata kuisikiliza ile ya kwanza, tunamlipa bila kelele, maana tumeona kitu kipya kimefungwa. Kwa kufanya hivyo tumewafundisha mafundi wetu kwamba kusikiliza hakuna ujira, na ujira uko kwenye kuuza vifaa. Kisha tunalalamika kwamba mafundi wa kweli wamekwisha.

Ukienda kwa fundi wiki hii, mweleze kama mgonjwa anavyojieleza kwa daktari: inalia lini, asubuhi au mchana, inaanzia spidi ipi, inabadilika ukikata kona au haibadiliki, gari linalala chini ya mti gani. Mwombe akuoneshe feni ikiwa nje kabla hujatoa hela ya mota. Na akikuambia kwamba mota ni nzima, ni takataka tu zilizokuwa zikigusa, mlipe kazi yake papo hapo, tena mlipe vizuri. Fundi huyo amekuokolea fedha nyingi kuliko alizopokea, na ndiye wa kurudi kwake.